Konokono wa bwawani: chakula chake kinapita wapi, na kichocho kinapita wapi

*«Nina bwawa la samaki upande wa Busia, njia ya kwenda Majanji. Nafuga kambare na ngege. Msimu huu konokono wamejaa kwenye kingo: wengine bapa, wamejiviringisha kama sarafu, wengine wana ganda lenye ncha. Binti yangu wa miaka 9 aliweka kama kumi kwenye chupa ya plastiki dirishani ili awatazame. Akaniita nione: wanatoa kinyesi kirefu kama uzi, na ndani yake kuna mchanga! Jirani yangu anasema konokono hula kinyesi cha watu, kichocho kikaingia tumboni mwake, halafu naye akakitoa majini anapojisaidia. Kwa hiyo ananishauri niache kuwapa samaki pumba ili konokono wafe njaa, na nimwage chokaa. Je, ni kweli? Mdudu huyu ana tumbo la namna gani hata ale mchanga? Na je, ndiye anayemaliza chakula cha samaki wangu?»*

Ndugu mfugaji, nianze na ile chupa ya dirishani, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri, hiyo haiwezi. Maji machache, mwangaza wa dirisha na joto la saa sita mchana ndiyo njia ileile wanayotumia maabara kumpima konokono kama ana kichocho: humweka kwenye maji kidogo, humwangazia taa, husubiri saa moja au mbili, kisha huyatazama maji kwa hadubini. Binti asitie tena kidole humo. Vaa glavu za mpira, au jifunge kaveera (mifuko ya plastiki) mbili mbili mikononi, mimina maji pamoja na konokono kwenye mkebe mkuukuu, wamwagie maji yanayochemka, na yakipoa ukafukie mbali na bwawa. Habari za afya ya mtoto nitazirudia huko chini.

Sasa tuje kwa jirani. Amepatia jambo moja: konokono bapa na kichocho cha tumbo wanakwenda pamoja. Alipokosea ni njia. Yeye anafikiri kichocho kinafuata njia ya chakula: mdomoni, tumboni, nje. Hakipiti hapo, si wakati wa kuingia, si wakati wa kutoka. Na ukishaelewa tumbo la konokono lilivyo, utaona mwenyewe kwa nini kumnyima pumba hakutakusaidia kitu.

Mdomo wa konokono uko chini ya kichwa, umetazama sakafu. Ukimwona kwa upande wa pili wa kioo chenye utando wa kijani, mdomo unafunguka, kitu kama kijiko cha rangi ya waridi kinatoka, kinalamba kuelekea mbele, kinarudi ndani, mdomo unafumba. Akiwa na njaa hulirudia tendo hilo mara kadhaa kwa dakika, na nyuma yake anaacha njia safi ya kupindapinda kwenye ule utando, kama mtu aliyefyeka nyasi kwa panga. Kile kijiko ni ulimi, na juu yake umetandazwa ukanda mwembamba uitwao radula. Ukanda huo una maelfu ya meno madogo yaliyopangwa safu kwa safu kama tupa ya seremala. Meno yametengenezwa kwa kitini, kitu kilekile kigumu cha ganda la panzi. Kwa kuwa kazi yake ni kukwangua mawe na vijiti, yanalika upesi; kwa hiyo nyuma ya ukanda kuna kifuko kinachotengeneza safu mpya kila siku. Ukanda unasogea mbele polepole, safu kuukuu zinang'oka, na mengi ya meno hayo humezwa pamoja na chakula.

Kumbuka hapo: huyu ni mkwanguaji. Chakula chake hasa ni utando unaoota juu ya vitu vilivyo majini, yaani mwani, bakteria, kuvu, na majani yaliyokwisha kuanza kuoza. Kuna kitaya kigumu juu ya mdomo kinachomsaidia kukata jani laini, lakini jani bichi lenye nguvu linamshinda. Mtupie jani la kabeji bichi kwenye ndoo, litakaa siku mbili halijaguswa, na siku ya tatu, likishalegea, utakuta limebaki mishipa. Pembeni mwa koo kuna tezi mbili za mate zinazomimina ute mdomoni. Ute huo unafunga zile chembe zilizokwanguliwa ziwe kamba moja laini, na una kimeng'enya kinachoanza kuvunja wanga. Kamba hiyo inapita kwenye umio mwembamba, inapumzika kidogo kwenye kifuko kilichotanuka, kisha inaingia mahali ambapo binti yako aliona dalili zake bila kujua: firigisi.

Ndiyo, firigisi, kama ya kuku wa kienyeji. Konokono wako bapa na wale wenye ncha, kama ni wa jamaa ninazozidhania, wana firigisi ya misuli miwili minene inayotazamana kama viganja viwili vilivyokutana. Katikati yake wanaweka mchanga. Misuli inabana na kulegea, punje za mchanga zinasagana na chakula, na kuta ngumu za mwani zinapasuka. Mchanga haukuingia kwa bahati mbaya wala si ugonjwa. Anaumeza, anautumia, punje nyingine zinatoka na kinyesi, naye anameza nyingine. Ukimfuga konokono wa aina hii kwenye chombo kisafi kisicho na mchanga hatakufa, ataendelea kula, ila chakula kinapita nusu kimesagwa na anakua polepole zaidi. Watu wengi wanaosafisha chombo cha konokono mpaka king'ae wanamwibia meno yake ya pili. (Si konokono wote wa maji baridi wenye firigisi namna hii. Katika Ziwa Victoria wako wadogo wenye kifuniko mlangoni ambao tumboni mwao kuna kijiti cha ute mgumu kinachozunguka kama mwiko ndani ya chungu, na kadiri kinavyoyeyuka ndivyo kinavyoachia vimeng'enya. Mashine tofauti kabisa, kwa kazi ileile.)

Baada ya firigisi kuna chumba kidogo kinachofanya kazi ya chujio. Kuta zake zina vinyweleo vinavyopiga bila kukoma na kuitenga ile rojo sehemu mbili. Mchanga na makapi mazito yanasukumwa moja kwa moja kwenye utumbo. Maji ya chakula na chembe laini kabisa zinapitishwa kwenye mirija mpaka ndani ya tezi ya mmeng'enyo, ambayo wengine huiita ini la konokono. Ukivunja ganda, tezi hiyo ndiyo ile nyama ya kahawia au ya kijani iliyojaa kwenye mizunguko ya ndani kabisa. Jina la ini linaipunja. Baadhi ya seli zake hutoa vimeng'enya. Nyingine huzimeza zile chembe na kuzimeng'enya ndani ya seli yenyewe. Kwetu sisi chakula humeng'enywa kwenye uwazi wa utumbo ndipo kifyonzwe. Kwa konokono sehemu kubwa ya kazi inamalizikia ndani ya seli. Tezi hiyohiyo inafyonza, inaweka akiba ya sukari na mafuta, na inahifadhi kalisi ya kujengea ganda. Ukitaka kujua konokono anaishi wapi hasa, anaishi humo.

Seli zikimaliza, tezi inarudisha mabaki yake kwenye chumba kile, nayo yanakwenda utumboni kwa zamu. Ndiyo maana ukitazama uzi wa kinyesi kwa karibu utaona hauko sawa kote. Sehemu nene, yenye punje za mchanga na vipande vya majani, imetoka firigisini moja kwa moja. Sehemu nyembamba, laini, ya rangi moja, imetoka kwenye tezi. Iko na ya tatu, fupi, kutoka kwenye kifuko kidogo cha pembeni, lakini hiyo inahitaji lenzi na subira. Yote hufungwa kwa ute, ndipo yatoke kama uzi na si kama vumbi. Sababu utaiona ukitazama mahali unapotokea: mwili wa konokono umejikunja, utumbo unazunguka ndani ya tezi kisha unarudi mbele, na tundu la haja liko karibu na shingo, chini ya ukingo wa ganda, jirani na tundu la kupumulia. Kwa hao bapa ni upande wa kushoto. Mtu mwenye choo mlangoni mwa sebule lazima afunge taka zake vizuri.

Sasa kichocho. Yai linaingia majini na kinyesi cha mtu mgonjwa. Likikutana na maji yasiyo na chumvi linaanguliwa, na kinatoka kiluwiluwi chenye vinyweleo ambacho hakili kitu, kina saa chache tu za kumtafuta konokono wake. Kikimpata kinatoboa ngozi laini ya mguu au ya vipapasio vyake na kuingia. Mdomo haukuhusika. Konokono akikwangua kinyesi chenye mayai, na kweli hukwangua, maana kwake uchafu wowote unaooza ni chakula, mayai hayo yanafuata njia ya takataka nyingine na hayamwambukizi. Nimtetee jirani yako kidogo: iko minyoo mingine ya ini, ya huko Asia, ambayo mayai yake ni lazima konokono ayale ndipo maisha yaendelee. Kwa hiyo wazo lake si la ajabu. Ila kwa kichocho halifai.

Kikishaingia, kiluwiluwi kinageuka kifuko papo hapo chini ya ngozi, na kifuko hicho kinazaa vifuko vingine vinavyosafiri mpaka kwenye ile tezi ya mmeng'enyo, kwa kuwa huko ndiko sukari iliko. Vifuko hivi havina mdomo wala tumbo. Vinafyonza kwa ngozi kile ambacho konokono amekikwangua, akakisaga, akakichuja na kukimeng'enya. Kuanzia hapo mashine yote niliyoieleza inamtumikia mgeni. Konokono anaendelea kula kama kawaida, lakini mayai yake yanapungua au yanakatika kabisa. Baada ya wiki 4 hadi 6 wanaanza kutoka viluwiluwi wapya wenye mkia uliogawanyika, mamia hadi maelfu kwa siku kutoka kwa konokono mmoja. Hao nao hawapiti utumboni. Wanapenya kwenye nafasi za damu mpaka ukingo wa ngozi chini ya ganda, wanaitoboa na kuogelea, hasa kuanzia asubuhi jua likishapanda hadi mapema alasiri. Kwa hiyo kwenye ile chupa, uzi wa kinyesi uliotulia chini hauna neno. Cha kuogopa ni yale maji meupe yanayoonekana hayana kitu.

Kabla ya kufika kwenye dawa, tuwatambue wageni wako. Wale bapa kama sarafu, wa kipenyo cha sentimita 1 hivi, huenda ni Biomphalaria, ambao ndio wanaobeba kichocho cha tumbo katika maziwa na vijito vya Uganda. Wapo bapa wengine wadogo zaidi wasiobeba, lakini usibahatishe. Mchukulie kila bapa kuwa mbebaji. Kwa wale wenye ncha, shika ganda tupu, ncha juu, mlango ukutazame. Mlango ukiwa kulia na ni mpana kama sikio, ganda ni jembamba na halina kifuniko, huyo ni wa jamaa ya Lymnaea, mbebaji wa minyoo ya ini ya ng'ombe na kondoo. Mlango ukiwa kushoto, yawezekana ni Bulinus, ambaye baadhi ya aina zake hubeba kichocho cha mkojo. Ganda refu, jembamba kama msumari wa kuzungusha, lenye kifuniko, mara nyingi ni Melanoides, na huyo kwa habari ya kichocho mwache alivyo.

Hapo kwenye minyoo ya ini pana jambo linalopendeza, kama neno hilo linafaa. Nayo inakaa kwenye tezi ileile, lakini vizazi vyake vya ndani vina mdomo na utumbo mdogo, kwa hiyo havifyonzi tu, vinaitafuna tezi. Ng'ombe wako wakinywa kwenye kingo za bwawa hilo au kula nyasi za majini, wanameza vijidudu hivyo vikiwa vimejifunga kwenye majani. Wakikonda na kuvimba chini ya taya, mwite daktari wa mifugo mapema. Si kila dawa ya minyoo ya dukani inaua minyoo ya ini ikiwa bado michanga.

Je, konokono anamaliza chakula cha samaki? Anakula mabaki. Hana mbio za kushindana na kambare kwenye pumba inayoelea, na pumba kavu ni ngumu kwake. Lakini ile iliyozama, ikalala usiku kucha, ikalainika na kuota bakteria, hiyo ni karamu. Ukikuta asubuhi konokono wamekusanyika mahali pa kulishia, wamekuletea taarifa ya bure kwamba unalisha kupita kiasi. Punguza mpaka samaki wamalize ndani ya dakika 10 hadi 15. Huko ni kubana matumizi, na konokono watapungua kidogo kwa sababu hiyo. Kuacha pumba kabisa ni jambo lingine: kambare ndio watakaoanza kukonda, na konokono watabaki kwenye utando wa mawe, matete na majani ya migomba yaliyoangukia majini, ambako ndiko riziki yao ilikokuwa tangu mwanzo. Hata utando ukiisha, ile akiba ya kwenye tezi inaweza kumweka hai wiki kadhaa. Na kama unatia mbolea ya kuku bwawani, unalima ule utando kwa mikono yako mwenyewe.

Chokaa nayo inategemea ni ipi na inawekwa lini. Chokaa ya shamba ikimwagwa kwenye bwawa lenye maji ni nzuri kwa samaki pale maji yanapokuwa na asidi, lakini kwa konokono ni kama kumpelekea saruji: ana njaa ya kalisi, anaipata kwenye maji na kwenye chakula, na maji yenye kalisi nyingi humpa ganda nene. Inayoua ni chokaa hai, ile iliyochomwa, nayo haiwekwi penye samaki. Inatumika bwawa likishakaushwa na kuvuliwa, tope likiwa bado na unyevu, kilo 10 hadi 15 kwa kila mita 100 za mraba, ikisambazwa mpaka kwenye kingo na vidimbwi vilivyobaki. Funika pua na mdomo, vaa miwani na glavu, kwa maana inaunguza macho na ngozi. Kisha jaza maji na usubiri siku 10 hadi 14 kabla ya kurudisha vifaranga vya samaki. Afisa uvuvi wa wilaya akupimie kwanza asidi ya maji na ya tope, kwani kiasi kinabadilika kufuatana na udongo.

Kukausha peke yake kunasaidia kuliko watu wanavyoamini, ila si kwa wiki moja. Mayai yaliyo kwenye majani hukauka na kufa. Konokono wakubwa wengine hujichimbia topeni na kujifunga. Bulinus huweza kukaa hivyo miezi, na wale wakubwa wenye kifuniko kama Pila huzama zaidi na kufunga mlango kabisa. Subiri mpaka tope lipasuke nyufa, lilimwe au ligeuzwe, likauke tena. Ukiwahi kujaza, umewapa likizo tu.

Dawa za kuua konokono usiziguse. Niklosamidi inaua konokono vizuri sana, na inaua samaki vizuri vilevile. Kazi yake iko mikononi mwa wataalamu wa afya, kwenye maji wanayoyachagua. Mmea wa endod, ambao mwanasayansi wa Ethiopia Aklilu Lemma aligundua mwaka 1964 kwamba unaua konokono, nao una povu linalodhuru samaki. Usidanganyike kwamba kitu cha mitishamba ni laini.

Ningekuwa kwenye kingo za bwawa lako ningeanza na mambo mawili yanayotokana na ule ulimi wake. La kwanza, muondolee kuta za kukwangua: ng'oa magugu ya kingoni, zoa gugumaji na majani ya migomba, na uchonge kingo zishuke wima hadi kina cha sentimita 60 au zaidi, kwani konokono hawa wanapenda maji ya kifundo cha mguu yenye majani. La pili, mtege kwa njaa yake. Chukua majani makubwa ya mpapai au ya mgomba, yaache juani siku mbili au yachovye kwenye maji moto mpaka yalegee, uyafunge kwenye kamba na kuyalaza kingoni jioni. Jani bichi halitamvuta, nimeshaeleza kwa nini. Asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda, vuta kamba ukiwa na glavu ndefu na mabuti ya mpira, ukung'utie konokono kwenye ndoo ya maji ya moto. Fanya hivyo mara mbili kwa wiki kwa miezi miwili au zaidi. Usikate tamaa idadi ikirudi: kila konokono bapa ni dume na jike kwa pamoja na anaweza kutaga bila mwenzi, kwa hiyo mmoja aliyebaki anatosha kuanza ukoo upya. Unapunguza, hutamaliza.

Kambare wako watasaidia kwa wale wadogo. Kamongo hula konokono kwa hamu, ila atakula na vifaranga wako, sipendekezi. Bata nao huwadonoa wa kingoni vizuri, lakini kinyesi chao kinarutubisha maji na utando unaota upya. Bata wanne au watano kwenye bwawa dogo naona sawa. Kundi kubwa linakurudisha ulikotoka.

Juu ya hayo yote kuna choo. Kichocho cha tumbo hakizaliwi na konokono, kinazaliwa na mayai ya mtu. Bwawa lisilofikiwa na kinyesi cha watu linaweza kuwa na konokono elfu na lisimwambukize mtu. Tazama maji yako yanatoka wapi. Kama ni mfereji unaopita nyuma ya nyumba, au kijito kinachooshewa nepi, hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya chokaa na kabla ya bata. Choo cha shimo kiwe upande wa chini ya bwawa, umbali wa mita 30 au zaidi. Na maji ya kuogea yaliyochotwa humo yachemshwe, au yawekwe kwenye pipa lililofunikwa, lisilo na konokono, kwa siku 2 kamili. Viluwiluwi vyenye mkia haviishi zaidi ya hapo.

Nirudi kwa binti. Mpeleke kituo cha afya, lakini uelewe kipimo. Minyoo huchukua wiki 5 hadi 7 mwilini kabla ya kutaga, kwa hiyo kupima choo kesho hakutaonyesha maambukizi ya wiki hii. Mpime sasa kama amekuwa akiogelea tangu zamani, halafu umrudishe baada ya wiki 6 hadi 8. Dawa ni prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, inayomezwa baada ya chakula; haiui vizuri minyoo michanga, ndiyo sababu nyingine ya kusubiri. Uganda imekuwa ikiigawa bure kwenye wilaya za kando ya ziwa tangu 2003, kwa hiyo uliza wahudumu wa afya wa kijiji chenu zamu itafika lini, na usimkadirie mtoto vidonge dukani. Usisubiri wiki hizo akipata homa, kikohozi na vipele vinavyowasha wiki chache baada ya kugusa maji. Na mtu mzima wa nyumbani aliyeishi kando ya ziwa miaka mingi, tumbo likijaa, akatapika damu au akapata choo cheusi kama lami, huyo ni wa hospitali siku hiyohiyo.

Usimkataze binti kutazama konokono. Mbadilishie chupa. Mayai ya konokono hayarithi kichocho, kwa hiyo anayeanguliwa kwenye maji safi ni salama. Kwa kijiko, ukiwa na glavu, chukua kipande cha jani chenye kidonge cha ute kinachong'aa, bapa kama ukucha, chenye nukta ndani. Kisuuze, kiweke siku 2 kwenye maji ya kisima yaliyochemshwa na kupoa, kisha ukihamishie kwenye chupa nyingine ya maji kama hayo. Ya bomba yaache wazi siku nzima dawa itoke. Kwa joto la Busia wataanguliwa baada ya wiki moja hivi. Wape jani la dodo (mchicha) lililochovywa maji moto dakika 2, chembe ya mchanga uliooshwa, na ganda la yai lililosagwa. Wakiwa wachanga ganda lao linapenya mwanga: ataona moyo ukidunda, firigisi ikibana, na tezi ya kahawia ikijaza kizunguko cha ndani. Wiki mbili baadaye awape kipande chembamba cha karoti iliyochemshwa, kisha ahesabu saa mpaka ule uzi utoke wa rangi ya chungwa.